Umemfuta mwanachama, fomu bado inamkubali: kurekebisha exists na unique kwenye Laravel

Maswali haya mawili hayaishi miongoni mwa wanaoanza Laravel, mfumo wa PHP wa kutengenezea programu za wavuti. La kwanza: "Nimemfuta mwanachama na kwenye orodha hayumo, mbona fomu ya mkopo bado inamkubali kuwa mdhamini?" La pili: "Nimemfuta mwanachama, najaribu kumsajili mwingine kwa namba ileile ya simu, naambiwa namba imeshatumika. Imetumika na nani?"

Chanzo chake ni kimoja. Ukiweka `SoftDeletes` kwenye modeli (darasa la PHP linalowakilisha jedwali), amri ya `delete()` haiondoi rekodi. Inaandika tarehe kwenye safuwima ya `deleted_at`, basi. Modeli ndiyo inayojua kwamba rekodi yenye tarehe hiyo isionyeshwe, kwa hiyo inaongeza sharti la `deleted_at is null` kimyakimya kwenye kila ulizo (query) linalopitia kwake. Kanuni za uhakiki za `exists` (thamani iwepo kwenye jedwali) na `unique` (isiwe imeshatumika) hazipitii kwenye modeli. Zinakwenda moja kwa moja kwenye jedwali, na jedwali halijui habari ya modeli yako. Hata ukiandika `exists:App\Models\Mwanachama,id`, Laravel inachukua jina la jedwali tu kutoka kwenye modeli hiyo. Kichujio chake inakiacha.

Nadharia inatosha hapo. Mfano wetu ni mfumo mdogo wa SACCOS wenye jedwali la `wanachama` na la `mikopo`, kwa sababu hapo kosa hili linagusa fedha za watu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mradi wa Laravel unaowaka kwenye kompyuta yako. Usifanyie mazoezi haya kwenye seva yenye data za kweli.
- Uwezo wa kufungua terminali na kuendesha `php artisan tinker`.
- Nakala ya hifadhidata, iliyopakuliwa leo. Hatua ya 5 inagusa fahirisi (index) za jedwali.
- Kujua unatumia hifadhidata ipi: MySQL, MariaDB au PostgreSQL. Hatua ya 5 inategemea jibu hilo.
- Jibu la swali hili, ambalo ni la mwenye mfumo, si la mwandika programu: mtu akijitoa kisha akarudi, anaendelea na rekodi yake ya zamani au anaanza upya? Muulize kabla hujaandika mstari wowote.

Hatua ya 1: Hakikisha modeli yenyewe iko sawa

Faili la migresheni (linaloeleza muundo wa jedwali) liwe na `softDeletes()`:

```php
Schema::create('wanachama', function (Blueprint $table) {
    $table->id();
    $table->string('jina');
    $table->string('simu')->unique();
    $table->timestamps();
    $table->softDeletes();
});
```

Na modeli:

```php
use Illuminate\Database\Eloquent\Model;
use Illuminate\Database\Eloquent\SoftDeletes;

class Mwanachama extends Model
{
    use SoftDeletes;

    protected $table = 'wanachama';
}
```

Usiuache mstari wa `$table`. Laravel hutunga wingi kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo bila mstari huo itatafuta jedwali liitwalo `mwanachamas`. Sisi tunaotaja majedwali kwa Kiswahili lazima tuandike jina wenyewe kwenye kila modeli.

Kosa la kawaida hapa ni kuweka `softDeletes()` kwenye migresheni na kusahau `use SoftDeletes` ndani ya modeli. Ukifanya hivyo, `delete()` inafuta kabisa, na safuwima ya `deleted_at` inabaki tupu milele. Hilo ni kosa la hatari kuliko tunalolitibu hapa, maana data haina pa kurudi.

Hatua ya 2: Lione tatizo kwa macho yako

Fungua tinker, chagua mwanachama mmoja wa majaribio, tuseme namba 7, kisha andika:

```php
use App\Models\Mwanachama;
use Illuminate\Support\Facades\DB;

Mwanachama::find(7)->delete();

Mwanachama::find(7); // null
DB::table('wanachama')->find(7);     // rekodi inarudi nzima

validator(
    ['mdhamini_id' => 7],
    ['mdhamini_id' => 'exists:wanachama,id']
)->passes(); // true
```

Mstari wa mwisho ndio shida yenyewe. Modeli inasema hayupo, uhakiki unasema yupo. Usiruke hatua hii. Anayerekebisha bila kwanza kuliona kosa hana namna ya kujua kama amelirekebisha.

Ukitaka kusoma SQL inayotumwa, andika `DB::enableQueryLog()` kabla ya jaribio na `DB::getQueryLog()` baada yake. Utaona ulizo la modeli lina sharti la `deleted_at`, na la uhakiki halina.

Hatua ya 3: Rekebisha `exists`

Badala ya kamba ya maneno, tumia darasa la `Rule`:

```php
use Illuminate\Validation\Rule;

$request->validate([
    'mdhamini_id' => [
        'required',
        'integer',
        Rule::exists('wanachama', 'id')->whereNull('deleted_at'),
    ],
]);
```

Matoleo mapya ya Laravel yana njia fupi, `->withoutTrashed()`, inayofanya kazi hiyohiyo. Mimi naipendelea `whereNull` kwa mradi unaoshikwa na watu wengi, kwa sababu inafanya kazi hata kwenye matoleo ya zamani na anayesoma anaona waziwazi ni safuwima ipi inayoangaliwa. Kama umebadilisha jina la safuwima, tuseme `imefutwa_tarehe`, lazima ulitaje: `->withoutTrashed('imefutwa_tarehe')`. Hapa tena, kanuni haiendi kuuliza modeli.

Ukikuta mradi wa zamani ulioandikwa kwa kamba ya maneno, na hutaki kuupangua wote, sharti linaongezwa hivi:

```php
'mdhamini_id' => 'required|exists:wanachama,id,deleted_at,NULL'
```

Neno `NULL` liandikwe kwa herufi kubwa zote. Ukiandika `null` kwa herufi ndogo, Laravel inalichukua kuwa thamani ya kawaida na kutafuta rekodi ambayo `deleted_at` yake ni sawa na neno hilo. Haitaipata, na kila mdhamini atakataliwa, hata aliye hai kwenye mfumo, au hifadhidata yenyewe itagoma kwa kosa, maana neno hilo si tarehe.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalifikirii: uhakiki hufanyika kabla ya kuandika, na katikati hapo mtu mwingine ofisini anaweza kumfuta mdhamini huyo. Ufunguo wa kigeni (foreign key) hautakuokoa, maana rekodi bado ipo kwenye jedwali. Kwa hifadhidata kila kitu kiko sawa. Panapohusika fedha, msome tena mdhamini kwa kufuli (lock) ndani ya muamala (transaction):

```php
DB::transaction(function () use ($data) {
    $mdhamini = Mwanachama::lockForUpdate()
        ->findOrFail($data['mdhamini_id']);

    Mkopo::create([
        'mwanachama_id' => $data['mwanachama_id'],
        'mdhamini_id'   => $mdhamini->id,
        'kiasi'         => $data['kiasi'],
    ]);
});
```

Hapa umepita kwenye modeli, kwa hiyo aliyefutwa hapatikani na muamala unavunjika kabla mkopo haujaandikwa.

Hatua ya 4: Amua kuhusu `unique`, kisha rekebisha

Kwa `exists` jibu ni moja: aliyefutwa akataliwe. Kwa `unique` kuna njia tatu, na zote ni halali. Ndiyo maana nilikutuma ukaulize kwanza.

Njia ya kwanza ni kuacha kama ilivyo. Namba iliyowahi kutumika haitumiki tena. Ukichagua hii, badilisha ujumbe wa kosa ili karani aelewe: "Namba hii ni ya mwanachama aliyejitoa, wasiliana na msimamizi." Ujumbe wa "imeshatumika" peke yake unamfanya atafute kwenye orodha mtu asiyeonekana.

Njia ya pili ni kuruhusu rekodi mpya:

```php
'simu' => [
    'required',
    Rule::unique('wanachama', 'simu')->whereNull('deleted_at'),
],
```

Kwenye fomu ya kuhariri, ongeza `->ignore($mwanachama)` ili mtu asizuiwe na namba yake mwenyewe. Kinachoingia kwenye `ignore` kitoke kwenye modeli uliyoisoma kutoka kwenye hifadhidata, kamwe kisitoke moja kwa moja kwenye fomu; ukipitisha maandishi ya mtumiaji hapo unafungua mlango wa SQL kudungwa (SQL injection).

Njia ya tatu ni kumrudisha aliyefutwa:

```php
$wa_zamani = Mwanachama::onlyTrashed()
    ->where('namba_ya_kitambulisho', $data['namba_ya_kitambulisho'])
    ->first();

if ($wa_zamani) {
    $wa_zamani->restore();
}
```

Angalia nimetafuta kwa namba ya kitambulisho, si kwa simu, na safuwima hiyo utaiongeza mwenyewe kwenye jedwali. Kampuni za simu huzigawa upya namba zilizokaa muda mrefu bila kutumika. Ukimrudisha mtu kwa kuangalia simu tu, siku moja utamfungulia mgeni rekodi yenye hisa na akiba za mtu mwingine. Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na `restoreOrCreate()`. Ni amri nzuri na inaokoa mistari mingi, ila uipe kitu kisichohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa SACCOS au kikundi cha kuweka na kukopa, ushauri wangu ni njia ya tatu kwa mtu anayerudi na ya pili kwa mtu mpya aliyerithi namba. Historia ya mwanachama ni mali yake, isipotee kwa sababu alijitoa mwaka mmoja.

Hatua ya 5: Rekebisha fahirisi kwenye hifadhidata

Ukichagua njia ya pili na kuishia kwenye hatua ya 4, fomu itapita kisha mfumo utaanguka kwa kosa la `1062 Duplicate entry` kwenye MySQL. Uhakiki umekubali, lakini fahirisi ya kipekee uliyoiweka kwa `->unique()` kwenye migresheni nayo haijui habari za waliofutwa.

Usikimbilie kuiondoa. Fahirisi hiyo ndiyo inayozuia makarani wawili wanaobonyeza "Hifadhi" kwa wakati mmoja wasisajili simu moja mara mbili. Ibadilishe iwaangalie waliopo tu.

Kwenye PostgreSQL ni rahisi. Ndani ya migresheni mpya:

```php
Schema::table('wanachama', function (Blueprint $table) {
    $table->dropUnique(['simu']);
});

DB::statement('CREATE UNIQUE INDEX wanachama_simu_hai
    ON wanachama (simu) WHERE deleted_at IS NULL');
```

MySQL na MariaDB hazina fahirisi ya sehemu namna hiyo. Wengi hujaribu kuweka fahirisi ya pamoja ya `simu` na `deleted_at`, na wanaona kama imefanya kazi kwa sababu kosa limeondoka. Haijafanya kazi. Kwenye fahirisi ya kipekee, NULL mbili hazihesabiwi kuwa sawa, kwa hiyo wanachama wawili waliopo, wote wakiwa na `deleted_at` tupu, wanaweza kubeba simu moja. Umebaki huna ulinzi wowote, na hutajua mpaka siku ujumbe wa marejesho utakapokwenda kwa mtu asiyehusika.

Geuza tabia hiyo ya NULL ikufanyie kazi. Tengeneza safuwima inayojikokotoa: iwe 1 kwa aliyepo na NULL kwa aliyefutwa.

```php
Schema::table('wanachama', function (Blueprint $table) {
    $table->dropUnique(['simu']);
    $table->boolean('yupo')->nullable()
        ->storedAs('case when deleted_at is null then 1 else null end');
});

Schema::table('wanachama', function (Blueprint $table) {
    $table->unique(['simu', 'yupo']);
});
```

Sasa waliopo wawili wenye simu moja watagongana, kwa sababu wote wana 1. Waliofutwa hata wakiwa kumi hawagongani. Safuwima hii inahitaji MySQL 5.7 au zaidi. Usiiweke kwenye `$fillable` wala usiiandikie thamani. Hifadhidata inaijaza yenyewe.

Hatua ya 6: Pekua sehemu nyingine zinazopita pembeni ya modeli

Tafuta `DB::table(` kwenye mradi mzima. Kila utakapoipata, jiuliza kama waliofutwa wanatakiwa kuonekana hapo. Kama hawatakiwi, ongeza `whereNull('deleted_at')`, na uangalie sana penye `orWhere`:

```php
// Si sahihi: waliofutwa wanapenya kupitia orWhere
DB::table('wanachama')
    ->whereNull('deleted_at')
    ->where('jina', 'like', "%$neno%")
    ->orWhere('simu', $neno)
    ->get();

// Sahihi
DB::table('wanachama')
    ->whereNull('deleted_at')
    ->where(function ($q) use ($neno) {
        $q->where('jina', 'like', "%$neno%")
          ->orWhere('simu', $neno);
    })
    ->get();
```

Ukitumia modeli, Laravel inakufungia mabano hayo yenyewe. Kwenye `DB::table` ni kazi yako.

Kisha angalia `join`. Modeli huweka kichujio kwenye jedwali lake tu. `Mkopo::join('wanachama', ...)` italeta mikopo pamoja na majina ya waliofutwa. Kabla hujaongeza sharti, fikiri: ripoti ya mikopo inayowaficha wanachama waliojitoa inaficha pia madeni yao. Mara nyingi hapo ni sahihi waonekane.

Mwisho angalia `config/auth.php`. Kama mtoa watumiaji (provider) ameandikwa `'driver' => 'database'` badala ya `eloquent`, mtumiaji uliyemfuta bado anaweza kuingia kwenye mfumo kwa nywila yake. Hili lirekebishe leo.

Hatua ya 7: Andika jaribio

```php
public function test_mdhamini_aliyefutwa_anakataliwa(): void
{
    $mkopaji  = Mwanachama::factory()->create();
    $mdhamini = Mwanachama::factory()->create();
    $mdhamini->delete();

    $this->post('/mikopo', [
        'mwanachama_id' => $mkopaji->id,
        'mdhamini_id'   => $mdhamini->id,
        'kiasi'         => 200000,
    ])->assertSessionHasErrors('mdhamini_id');
}
```

Modeli iwe na `HasFactory` na faili lake la kiwanda, la sivyo `factory()` haitapatikana. Andika na la pili linalosajili simu ya aliyefutwa, na la tatu linalojaribu kusajili simu ya aliyepo. Liendeshe jaribio la fahirisi kwenye hifadhidata ileile utakayotumia kwenye seva. Majaribio mengi ya Laravel huendeshwa kwa SQLite, na tabia za fahirisi za MySQL hutaziona huko.

Ikikwama

*Migresheni ya hatua ya 5 inakataa kwa kosa la kurudia.* Tayari una waliopo wawili wenye simu moja. Watafute kwanza:

```sql
SELECT simu, COUNT(*) FROM wanachama
WHERE deleted_at IS NULL
GROUP BY simu HAVING COUNT(*) > 1;
```

Wasiliana na wenye namba hizo kabla ya kusahihisha. Usifute mmoja kwa kubahatisha.

*`restore()` inaleta 1062.* Simu ya aliyefutwa imeshachukuliwa na mwanachama mpya. Mpe anayerudi namba yake ya sasa kwanza, kisha `restore()`. Mabadiliko yote mawili yataandikwa pamoja.

*`firstOrCreate()` inaleta 1062 ingawa modeli haimwoni mtu.* Fahirisi ya zamani bado ipo. Modeli imemkosa aliyefutwa, ikajaribu kuunda mpya, fahirisi ikakataa. Maliza hatua ya 5, au tumia `Mwanachama::withTrashed()->firstOrCreate(...)` kama ulichagua kumrudisha.

*Kosa la 3105 kwenye MySQL.* Unajaribu kuandika kwenye `yupo`. Mara nyingi inatokana na `replicate()`, ambayo hunakili karibu safuwima zote. Andika `replicate(['yupo'])`.

*"Attempt to read property "jina" on null" kwenye ukurasa wa mikopo.* Mkopo ni wa mtu aliyefutwa na uhusiano haumpati. Kwenye modeli ya `Mkopo`:

```php
public function mwanachama()
{
    return $this->belongsTo(Mwanachama::class)->withTrashed();
}
```

*Umeanza ulizo kwenye modeli kisha ukaita `getQuery()`, na waliofutwa wanarudi.* `getQuery()` hutoa ulizo kabla vichujio vya modeli havijawekwa. Tumia `toBase()`, ambayo huviweka kwanza.

*Waliofutwa hawafuti mikopo yao ingawa uliweka `cascadeOnDelete()`.* Kwa hifadhidata hakuna kilichofutwa, kwa hiyo hakuna cha kufuatisha. Ukitaka mikopo nayo iwekewe alama, ifute kwenye tukio la `deleting` la modeli ya `Mwanachama`. Kwa mfumo wa fedha, mimi singefanya hivyo: mkopo ambao haujalipwa ubaki pale ulipo, na jina la aliyeuchukua lionekane.